Mashine ikiingia kazini, chenji hubaki kwa nani?

Mleta uzi:
Wanabodi, salaam. Kila wiki humu ndani hufunguliwa mada mbili kuhusu roboti na akili mnemba. Moja inasema miaka kumi ijayo wote tutakuwa tumekaa nyumbani. Nyingine inatuambia tusihofu, mashine siku zote huleta kazi mpya. Nimezisoma mpaka macho yanauma, na naona zote zinaruka swali lenyewe. Kama mashine inafanya kwa gharama ndogo kile alichokuwa anafanya mtu, basi kuna pesa imebaki. Pesa hiyo haiyeyuki. Itashusha bei ya bidhaa, au itaongeza mshahara wa waliobaki, au itaingia mfukoni mwa mwenye mtambo. Mimi naiita chenji, na nataka tuifuate inakokwenda. Nitaandika kwa vipande. Anayetaka kukatiza akatize.

Kwanza tuwekane sawa kwenye jambo moja, maana nusu ya ubishi huanzia hapo. Mashine haichukui ajira, inachukua shughuli, na ajira moja ni furushi la shughuli nyingi. Chukua karani wa dirishani benki: anahesabu noti, anapokea amana, anatuliza mteja mwenye hasira, anamweleza mwingine habari za mkopo. ATM ya kwanza iliwekwa Enfield, kaskazini mwa London, Juni 1967, na katika furushi lile ilichomoa kitu kimoja tu: kuhesabu noti na kuzitoa. Marekani, kati ya 1995 na 2010, mashine hizo ziliongezeka kutoka kama 100,000 hadi kama 400,000. Mtu angetegemea makarani wafagiliwe. Idadi yao haikushuka. Mchumi James Bessen alipochimba alikuta tawi la kawaida la mjini lililohitaji makarani kama 20 mwaka 1988 lilihitaji 13 mwaka 2004. Kuendesha tawi kukawa rahisi, benki zikafungua matawi mengi zaidi, mijini yakaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Huku wanapungua, kule wanaongezeka, hesabu ikasimama palepale.

Spana Kumi:
Mkuu, hadithi umeikatia mahali panapokufaa. Baada ya 2010 kilitokea nini?

Mleta uzi:
Umenishika vizuri. Baada ya hapo makarani walianza kupungua kweli. Simu ya mkononi ilifanya kitu ambacho ATM haikukiweza: iliondoa sababu ya mtu kwenda tawini. Kwa hiyo mfano huohuo unaweza kukufurahisha au kukuliza, kutegemea mwaka unaousimamishia. Ndiyo maana siupendi sana, ingawa kila mchumi anaanza nao, na mimi nimeanza nao.

Bessen huyohuyo alichukua orodha ya kazi kama 270 zilizokuwa kwenye sensa ya Marekani ya 1950, akaangalia ngapi zimeuawa kabisa na mashine kufikia 2010. Moja tu, mwendesha lifti. Nyingine zilipungua, zilibadilika sura, au zilikufa kwa sababu nyingine. Watu huinukuu hesabu hiyo kama faraja. Mimi naiona ni faraja ya karatasini, kwa sababu jina la kazi kubaki kwenye orodha ya serikali hakumlipii mtu kodi ya nyumba. Kazi inaweza kubaki na jina lake huku mshahara wake ukiwa nusu.

Mjuaji Nusu:
Sasa kwa nini kwingine kazi ziongezeke na kwingine zipungue? Mashine si ni mashine tu?

Mleta uzi:
Inategemea kiu ya soko. Karne ya 19, mashine ziliondoa asilimia 98 ya kazi ya mkono iliyohitajika kufuma yadi moja ya kitambaa. Asilimia 98! Na bado idadi ya wafumaji viwandani Marekani iliongezeka kwa miongo mingi. Kitambaa kiliposhuka bei, mtu aliyekuwa na shati moja alitaka la pili, kisha mapazia, kisha shuka. Kiu ilikuwa kubwa kuliko kasi ya mashine. Ilipofika siku makabati yamejaa, kila uboreshaji mpya ukawa unaondoa mtu.

Kilimo kilifika huko mapema, kwa kuwa tumbo lina mwisho. Mwaka 1900 karibu asilimia 40 ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa shambani, leo hawafiki asilimia 2, na chakula kinachotoka ni kingi zaidi. Chenji ya shambani ilikwenda kwenye bei. Watu wakala kwa pesa kidogo, iliyobaki wakanunua redio, gari, nauli na shule, na huko ndiko watoto wa wakulima walikopata kazi.

Farasi hawakuwa na bahati hiyo. Marekani ilikuwa na farasi na nyumbu kama milioni 26 karibu na 1915, na kufikia 1960 walibaki kama milioni 3. Mchumi Wassily Leontief alitumia mfano huo kutuonya sisi binadamu. Kuna tofauti moja anayoisahau anayeurudia: farasi hapigi kura, hagomi, na wala hanunui trekta.

Mjuaji Nusu:
Hahaha, hiyo ya farasi nimeipenda. Lakini basi wale Waingereza waliovunja mashine, Waludi, walikuwa wajinga tu? Maana ukimtaja mtu kwa jina hilo leo unamtukana.

Mleta uzi:
Hapo ndipo nilipotaka tufike, na nitakaa kidogo.

Waludi walianza 1811 Nottinghamshire, kwenye ufumaji wa soksi. Mashine za kufumia soksi hawakuziona kwa mara ya kwanza mwaka huo. Zilikuwepo zaidi ya miaka 200, na wao wenyewe ndio waliokuwa wakizitumia kila siku. Kilichowachoma ni matajiri wachache kuanza kutumia mashine pana kutoa kitambaa cha bei rahisi, kukikata na kukishona kiwe soksi inayofumuka baada ya siku chache, na kuajiri watu ambao hawakupitia uanagenzi kwa ujira wa chini. Usiku wakivamia, walichagua. Mashine ya tajiri aliyelipa vizuri waliiacha, ya jirani yake wakaivunja. Huo ni mgomo wa watu ambao sheria haikuwaruhusu kuwa na chama.

Serikali ilijibu kwa sheria ya 1812 iliyofanya kuvunja mashine kosa la kunyongwa. Lord Byron, yule mshairi, alisimama bungeni Februari mwaka huo kuipinga, ikapita hivyohivyo. Januari 1813, mjini York, watu 17 walinyongwa.

Je, walikosea kiuchumi? Mwanahistoria wa uchumi Robert Allen alipiga hesabu za Uingereza. Kati ya 1780 na 1840 uzalishaji kwa kila mfanyakazi ulipanda kwa asilimia 46. Mishahara halisi ilipanda kwa asilimia 12. Rudia kusoma hizo namba mbili. Miaka 60 hiyo ni maisha mazima ya mtu, kuzaliwa mpaka kuzikwa, na chenji karibu yote ilikwenda kwa wenye viwanda. Baadaye, kuanzia katikati ya karne, mishahara ilianza kupanda kweli. Kwa hiyo anayesema "mwishowe wote walinufaika" hasemi uongo. Ila aliyefuma kwa mkono mwaka 1815 huo mwishowe hakuuona, na mwanawe aliuona kwa mbali.

Na msidhani wasomi wa wakati ule walikuwa wamelala. David Ricardo, mmoja wa waasisi wa uchumi wa kisasa, mwanzoni aliamini mashine inamfaa kila mtu. Mwaka 1821, kwenye toleo la tatu la kitabu chake kikuu, aliongeza sura nzima kuhusu mashine na kukiri kwamba amebadili mawazo: mashine inaweza kumdhuru mfanyakazi. Wangapi humu tumewahi kurudi kwenye uzi wetu kuandika kwamba tulikosea?

Kuli Mstaafu:
Vijana, nimesoma kimyakimya, niruhusuni na mimi. Nimebeba mizigo bandarini tangu nikiwa kijana. Kabla ya kontena, meli ilikaa gatini wiki nzima. Magunia, mapipa, makasha, marobota, kila kitu kilipita begani au kwenye wavu wa winchi, kimoja kimoja. Genge moja lilikuwa shimoni, jingine gatini. Kilichovunjika kilivunjika, na kilichopotea... hayo tuyaache.

Kontena lilianza huko Marekani. Malcom McLean, mtu wa malori, tarehe 26 Aprili 1956 alituma meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston ikiwa na makontena 58. Kupakia tani moja kwa mtindo wa zamani kuligharimu dola 5.86, na kwa kontena hazikufika senti 16. Mkishaona tofauti hiyo mnaelewa kwamba kugoma tu kusingeizuia. Hakuna bega linaloshindana na senti 16.

Ninachotaka mkijue ni walichofanya makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani. Chama chao, chini ya Harry Bridges, hakikusema "mashine zisije". Mwaka 1960 walitia saini mkataba: waajiri wako huru kuleta mashine na kupunguza watu kwenye genge, ila wataweka dola milioni 5 kila mwaka kwenye mfuko wa wafanyakazi. Mfuko ulilipia kustaafu mapema, na aliyesajiliwa hakufukuzwa kwa ajili ya mashine. Yaani waliuza ridhaa yao. Mleta uzi, hiyo chenji yako unayoitafuta, wale waliishika mkononi.

Mleta uzi:
Shikamoo mzee. Umenifunza kitu nilichokuwa nakizunguka. Chenji haiendi kwa sheria ya maumbile, inakwenda kwa aliyekaa mezani siku inapogawanywa.

Kuli Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Ila usiwasifu mno. Mkataba uliwalinda waliokuwa kwenye daftari. Kijana aliyekuwa anasubiri getini aandikwe, yeye hakuwa mezani.

Tarakimu:
Naomba niongeze upande wa kampuni, maana watu wengi wana picha moja: kampuni imenunua roboti, imefukuza watu. Takwimu za kampuni moja moja hazisemi hivyo, na mimi zilinishangaza.

Kuna utafiti wa viwanda vya Hispania uliofuatilia kampuni kuanzia 1990 hadi 2016. Zilizoingiza roboti ziliongeza uzalishaji kwa asilimia 20 hadi 25 ndani ya miaka minne, na wafanyakazi wao waliongezeka kwa kama asilimia 10. Sehemu ya gharama inayokwenda kwenye mishahara ilipungua, lakini vichwa viliongezeka. Sasa angalia kampuni zilizobaki bila roboti: hizo ndizo zilizopoteza kazi. Ufaransa, mchumi Daron Acemoglu na wenzake waliangalia viwanda kati ya 2010 na 2015 wakakuta jambo lilelile. Mwenye roboti anakua kwa kumnyang'anya soko mshindani, na ukijumlisha sekta nzima ajira zinashuka.

Kwa hiyo roboti inayokufukuza kazi mara nyingi haiko kwenye jengo lenu. Iko kwa mshindani wenu. Bosi wako hakununua kitu, anakwambia "biashara mbaya", na wewe unamlaumu yeye. Hakuna gazeti litakaloandika kwamba umepoteza kazi kwa roboti.

Hili lina maana kwa muundo wa soko pia. Mtambo mkubwa unahitaji mtaji, anayeweza kuununua ni aliyekwisha kuwa mkubwa, naye anazidi kukua. Wadogo wanaobaki wanabanana kwenye bei.

Spana Kumi:
Mimi nitawapa ya kiwandani, si ya vitabuni. Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja cha vifungashio. Mwenye kiwanda akanunua laini mpya ya kujaza na kuziba maboksi. Wafungaji 11 wakaondoka. Mimi na mwenzangu tukabaki, tukaambiwa sisi ndio wa kisasa.

Mtambo ule ulikuwa unasimama. Sensa ikipata vumbi, unasimama. Boksi likija limepinda milimita mbili, unasimama. Wale 11 walikuwa wananyoosha boksi lililopinda kwa kiganja bila hata kukatisha mazungumzo, na hakuna aliyewahi kujua kwamba hiyo nayo ni kazi. Tulikesha na spana mkononi. Mwisho wa mwaka idadi ya maboksi yaliyotoka ilikuwa ileile ya zamani. Bei kwa mteja haikushuka. Mshahara wangu haukupanda. Faida ya tajiri nayo haikuonekana, kwa sababu alikuwa analipa mkopo wa mtambo. Sasa mleta uzi, chenji ya hapo ilikwenda kwa nani?

Mleta uzi:
Kwa aliyeuza mtambo na aliyekopesha. Mkuu, hicho ulichosimulia Acemoglu na Pascual Restrepo wamekipa jina ambalo mimi nalitafsiri teknolojia za hivi hivi. Ni mashine inayotosha kumwondoa mtu lakini haitoshi kuongeza tija ya maana. Mifano yao ni kaunta za kujihudumia madukani na sauti ya kompyuta inayokwambia bonyeza moja, bonyeza mbili. Mteja anafanya mwenyewe kazi aliyokuwa anafanya mfanyakazi, bila malipo, halafu tunaita ufanisi.

Hapa watu hushangaa. Tumezoea kuogopa mashine yenye akili nyingi mno. Kumbe mashine bora sana ina afadhali, kwa sababu inazalisha mkate mkubwa, bei inashuka, kiu ya soko inaamka, kazi nyingine zinazaliwa. Ya hivi hivi inafukuza watu na mkate unabaki saizi ileile.

Hao wawili walipima pia athari za roboti za viwandani Marekani kati ya 1990 na 2007. Roboti moja zaidi kwa kila wafanyakazi elfu moja ilishusha mishahara kwa asilimia 0.42, na sehemu ya watu wenye ajira kwa asilimia 0.2 ya watu wote. Ni ndogo? Kitaifa ndiyo. Kwenye mji mmoja wa viwanda vya magari si ndogo hata kidogo.

Mjuaji Nusu:
Ngoja, mbona kuna ile asilimia 47 inayosambaa kila mahali? Kwamba nusu ya kazi zote zinakwisha?

Tarakimu:
Hiyo ni ya Carl Frey na Michael Osborne, Oxford, 2013. Hawakusema zinakwisha. Walisema asilimia 47 ya ajira za Marekani ziko kwenye kundi ambalo kiufundi lina hatari kubwa ya kufanywa na mashine. Mwaka 2016 watafiti wengine, kwa kazi ya OECD, ile jumuiya ya nchi tajiri, walitumia hesabu za shughuli badala ya ajira nzima, yaani furushi analolisema mleta uzi, wakapata asilimia 9. Dunia ileile, ila mmoja kahesabu mafurushi na mwingine kafungua kuona kilichomo. Zote mbili hazikuuliza kama kuna mtu atalipia hiyo mashine.

Na hilo la kulipia lina uzito kwa nchi zenye ujira mdogo. Allen huyohuyo anaonyesha kwamba mashine ya kusokota nyuzi ya karne ya 18 ilinunuliwa Uingereza kwa sababu ujira wa Uingereza ulikuwa mkubwa. Ufaransa faida yake ilikuwa ya kusitasita. India haikulipa, msokotaji alikuwa rahisi kuliko chuma. Ujira mdogo ni ukuta dhidi ya mashine, ila ni ukuta wa ajabu, maana unakulinda kwa sharti kwamba ubaki maskini. Na ukuta huo hauzuii bidhaa za mashine za wengine kuingia. India ilikuja kujazwa vitambaa vya Uingereza.

Mleta uzi:
Na wakati huohuo tusiogope kila tangazo. Adidas ilifungua Ujerumani kiwanda cha viatu cha roboti, Speedfactory. Watu wakaandika kwamba viatu vimerudi Ulaya, Asia imekwisha. Mwaka 2019 kampuni ikatangaza inakifunga pamoja na mwenzake wa Marekani. Roboti iko vizuri kwenye chuma. Kitambaa kinachojikunja bado kinaisumbua.

Mama Leja:
Nimewaacha muongee vyuma vyenu, sasa niingie na ofisi. Mimi mhasibu, na mashine yetu ni lahajedwali, ile programu ya kompyuta inayokokotoa safu za namba yenyewe. Ya kwanza kuenea, VisiCalc, ilitoka 1979. Kabla ya hapo kubadilisha namba moja kwenye bajeti kulimaanisha kufuta na kukokotoa upya safu nzima, na kulikuwa na watu ambao hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Hao walipungua. Wahasibu na wachambuzi waliongezeka, kwa sababu bosi aliyekuwa anauliza swali moja kwa mwezi sasa anauliza kumi kwa siku. Kiu, kama alivyosema mleta uzi. Bosi ana kiu isiyokwisha ya "hebu tuone ikiwa tutapandisha asilimia mbili".

Lakini hesabu ya mishahara haikuwa tamu kwa wote. David Autor, Frank Levy na Richard Murnane waliandika 2003 kwamba kompyuta inachukua kazi zenye utaratibu unaorudiwa, ziwe za mkono au za kichwa. Kazi hizo zilikuwa katikati ya ngazi: makarani, wapigachapa, wasimamizi wa mitambo. Juu wakabaki wanaoamua, wakaongezewa. Chini wakabaki wanaosafisha, wanaolinda na wanaolea wagonjwa, kwa sababu kukunja shuka na kumgeuza mgonjwa bado ni kazi ngumu kwa mashine. Katikati pakatoboka, na waliotoka katikati wengi walishuka kwenda kugombania kazi za chini na waliokuwepo huko.

Mleta uzi:
Na hilo limepimwa. Acemoglu na Restrepo, 2022: kati ya asilimia 50 na 70 ya mabadiliko ya mpangilio wa mishahara Marekani kati ya 1980 na 2016 yanaelezwa na kushuka kwa mishahara ya makundi yaliyokuwa yanafanya kazi hizo za kurudiwa kwenye sekta zilizojaa mashine. Tunabishana kuhusu ajira ngapi zitakufa wakati kidonda kikubwa kiko kwenye ujira wa waliobaki na kazi.

Spana Kumi:
Basi roboti ilipe kodi. Bill Gates mwenyewe alisema 2017.

Tarakimu:
Tatizo ni kuitambua roboti ni ipi. Lahajedwali ya Mama Leja ni roboti? Mimi naona tuanze na kitu kilicho wazi zaidi: tuache kumlipa mtu anunue mashine. Kuna hesabu za Marekani zinazoonyesha kwamba kodi na makato kwenye mshahara hupita asilimia 25, wakati kwenye vifaa na programu, baada ya mageuzi ya kodi ya 2017, ilibaki kama asilimia 5. Mtambo wa hivi hivi wa Spana Kumi, katika mazingira kama hayo, unanunuliwa hata kama hauna tija, kwa sababu kodi imeufanya rahisi. Korea Kusini mwaka 2017 ilipunguza nafuu ya kodi kwa wanaonunua mitambo ya namna hiyo, watu wakaiita kodi ya roboti ingawa si kodi.

Mjuaji Nusu:
Na kupunguza saa za kazi je? Chenji si inaweza kulipwa kwa muda?

Mleta uzi:
Mchumi wa Uingereza John Maynard Keynes alitabiri hivyo 1930, kwamba ndani ya miaka mia watu watafanya kazi saa 15 kwa wiki. Utajiri aliuotabiri ulikuja, angalau kwa nchi zile alizokuwa anaziwazia. Saa 15 hazikuja. Alidhani chenji itajigawa yenyewe.

Mama Leja:
Nina jambo la mwisho, na hili la akili mnemba linanihusu. Utafiti mkubwa niliousoma ni wa Erik Brynjolfsson na wenzake, 2023, kwa wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000. Waliopewa msaidizi wa akili mnemba waliongeza kazi kwa asilimia 14. Wageni na wenye uwezo mdogo waliongeza kwa 34. Wazoefu karibu hawakusogea. Wengi wamefurahi, wakisema safari hii mashine inamsaidia wa chini. Labda. Mimi nikisoma naona pia kitu kingine: uzoefu wangu wa miaka 20 umeshuka thamani.

Mleta uzi:
Na hapo kuna tafiti mbili ambazo sijaweza kuzifunga kwenye furushi moja. Marekani, kati ya 1920 na 1940, kampuni ya simu iliweka mitambo ya kuunganisha simu badala ya maopereta wasichana. Ilikuwa moja ya kazi kubwa za wasichana wakati ule. James Feigenbaum na Daniel Gross walifuatilia: walioumia ni waliokuwa tayari kazini, miaka kumi baadaye wengi walikuwa nje ya kazi au kwenye kazi za malipo ya chini. Wasichana waliokuja nyuma yao walipata kazi nyingine, ukatibu, hotelini. Ujerumani ikawa kinyume. Roboti ziliingia viwandani, waliokuwa ndani hawakufukuzwa kwa sababu ya mabaraza yao ya wafanyakazi na vyama, wengi wakahamishiwa kazi nyingine hukohuko. Aliyepunguzwa ni kijana ambaye angeajiriwa mwaka unaofuata. Kama alivyosema mzee, yule wa getini.

Mama Leja:
Ndiyo nilikotaka kufika. Nilijifunza uhasibu kwa kulinganisha vitabu na taarifa za benki, mstari kwa mstari, miaka miwili, kazi ya kuchosha kuliko zote. Leo programu inaifanya kabla sijamaliza kufungua mafaili. Kila mwaka nilikuwa nachukua wanagenzi wawili kwa kazi hiyo. Mwaka huu sikuchukua. Hakuna niliyemfukuza, kwa hiyo hakuna takwimu itakayowahesabu. Na aliyenishinikiza si bosi. Niliamua mwenyewe, siku ya kawaida, kwa dakika tano.

Kuli Mstaafu:
Mama, hao wawili unawajua?

Mama Leja:
Barua zao za maombi ziko kwenye droo yangu. Sijazijibu bado.